Kikoba Kilipokwenda Mbudya

Kwa sisi wa Mbezi Luis, bahari ni mambo ya watu wa upande wa pili. Maisha yetu yako Barabara ya Morogoro. Tangu Kituo Kikuu cha Mabasi cha Magufuli kifunguliwe Februari 2021, mgeni anayeshuka kwetu anatafuta basi la Mbeya, Dodoma au Mwanza, na mwenyeji anayeamka alfajiri anawahi Kimara, Ubungo au Kariakoo kwenye riziki yake. Upepo wa chumvi haupandi hadi huku. Nina majirani waliohamia kutoka bara miaka mingi iliyopita, wamejenga, wamesomesha, wameoza mabinti, na maji ya bahari hawajayaingia hata kufikia magotini. Wala si mbali. Ukipanda gari la kupitia Goba na barabara ikiwa nyeupe, muda si mrefu uko ufukweni. Watu huenda Coco Beach siku ya sikukuu, wakala mihogo, wakapiga picha mawimbi yakiwa nyuma yao, wakarudi. Sensa ya 2022 iliukuta mkoa wa Dar es Salaam na watu 5,383,728. Nikitazama mtaani kwetu tu, wanaojua kuogelea ni wa kuhesabu, na wengi wao walijifunzia Ziwa Victoria au Ziwa Nyasa, si hapa.

Kikoba chetu cha akina mama huvunjwa kila Desemba. Tunagawana akiba na faida, na kuna fungu dogo tunalolitenga kwa ajili ya kufurahi pamoja. Desturi ilikuwa sare ya kitenge, ukumbi, pilau na muziki. Mwaka ninaousimulia, mwenzetu mmoja kijana anayefanya kazi hotelini upande wa Kunduchi alisimama kwenye kikao akasema sare tunazo hadi makabati yamejaa, kwa nini fungu lile lisitupeleke kisiwa cha Mbudya kwa kayaki, tukaogelee na miwani, tuone samaki na matumbawe? Kikao kikachafuka. "Yaani nitoe hela yangu nikafe maji?" aliuliza mweka hazina wetu, na hakuwa anatania. Mwingine, mzaliwa wa Mwanza, alinyamaza kimya. Alikuwa binti wa shule meli ya MV Bukoba ilipozama Mei 1996, na mtaani kwao misiba ilikwenda nyumba kwa nyumba. Mtu aliyeyaona yale ana haki ya kuyaogopa maji. Naamini mpaka leo kwamba asiyeiheshimu hofu ya namna hiyo hafai kumwongoza mtu yeyote baharini.

Kwa kuwa mimi ndiye katibu, kazi ya kumtafuta mwongozaji iliniangukia. Niliulizia kwa watu, nikapiga simu. Waliotanguliza bei niliwashukuru nikaendelea kutafuta. Mmoja, mtu mzima wa Kunduchi ambaye kila mtu anamwita Nahodha, hakutaja bei mpaka mwisho wa maongezi. Alitaka kujua nani ana pumu, nani ana presha, nani ana kifafa, nani mjamzito, nani amewahi kunusurika kuzama. Kisha akaniuliza, "Hiyo tarehe, mmeipanga kwa kalenda ya ukutani au mmeutazama na mwezi?"

Tulikuwa tumeipanga kwa kalenda ya ukutani, kufuata likizo za watoto na siku za mapumziko kazini. Nahodha akafunga safari kuja kwetu, akakaa kwenye kikao cha Jumapili, akaanza kutueleza. Maji ya pwani yetu hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kati ya leo na kesho, na kila siku saa zake husogea mbele kwa dakika hamsini hivi. Mwezi unapoandama, na unapokuwa mpevu, na siku mbili tatu zinazofuata, ni bamvua: maji hupanda sana na kushuka sana, na hapa Dar es Salaam tofauti ya kujaa na kupwa hupita mita tatu. Siku hizo maji hujaa karibu na saa kumi, alfajiri na jioni, na ikifika saa nne asubuhi yamekwisha kupwa, miamba iko nje. Katikati ya bamvua mbili huja maji mafu, yanayopanda kidogo na kushuka kidogo, na mkondo wake umelegea. "Mtu asiyejua kuogelea," alisema, "namchukua siku za maji mafu, asubuhi, kaskazi haijaamka." Baba yake alikuwa mvuvi wa madema, na yeye alianza kumfuata kwenye ngalawa kabla hajaanza shule. Siku za mwezi alizihesabu kwa vidole mbele yetu.

Tarehe yetu ilikuwa inaangukia pabaya. Tukaisogeza. Wenye ruhusa za kazi walinung'unika, na manung'uniko yao yalikuwa ya haki, maana ruhusa haipatikani kwa kuutazama mwezi.

Tukakutana ufukweni Kunduchi alfajiri, wengine wamevaa leggings na fulana za mikono mirefu, wengine hijabu za kuogelea, wengine madira ambayo Nahodha aliyakataa kwa adabu: kitambaa kirefu kikilowa kinafunga miguu. Kayaki zilikuwa za plastiki, za watu wawili wawili, viti viko wazi juu, sakafu ina matundu yanayotoa maji yenyewe. Chombo hiki kilianzia kwa watu wa Greenland na kaskazini mwa Kanada na Alaska, waliokitengeneza kwa ngozi za sili ili kuwindia katika bahari ya barafu. Ni kitu cha ajabu kukikuta kimelala mchangani Kunduchi, ubavuni mwa ngalawa. Lakini wavuvi waliokuwa wanashusha samaki walikikagua kwa jicho la watu wa kazi na hawakukidharau. Walichotaka kujua ni kama kinahimili wimbi la ubavuni.

Kabla ya kuingia majini Nahodha alitufundisha. Wa mbele ndiye anayeweka mwendo, wa nyuma anausoma mwendo huo na kukiongoza chombo. Kafi lina pande mbili, na nguvu yake inatoka kiunoni. Anayevuta kwa mikono mitupu anachoka kabla hajapita boya la kwanza. Jaketi la kuokolea hufungwa mpaka mwenzio akilishika mabegani akalivuta juu lisipande. Msafara unaongozwa na wale wanaokwenda taratibu kuliko wote, wenye nguvu wanakaa nyuma, na boti ya injini inafuata. Hilo la kuwatanguliza wa polepole liliwakera vijana wawili tuliounganishwa nao, Watanzania wanaoishi Uingereza waliokuja nyumbani likizo, ambao kayaki walishaizoea kwenye mito ya huko.

Tulipiga makafi vizuri. Mbudya iko kilomita chache tu kutoka ufukweni, na asubuhi ile ilionekana karibu mno: miti yake, ukanda wake wa mchanga mweupe. Mweka hazina alikuwa ameanza kuimba. Kisha Nahodha, ambaye kwa muda alikuwa hasemi, akasimamisha kafi lake na kutazama kaskazini-mashariki. Mimi sikuona kitu. Yeye aliona maji yamebadilika rangi kwa mbali, yamekuwa meusi na yenye vipele, na vijiwimbi vya kwanza vyeupe kwenye ukingo wa mwamba. Akapuliza filimbi. "Akina mama, tunageuza."

Vijana wale walipinga, na walipinga kwa hoja. Kisiwa kiko pale, walisema, tumeshavuka nusu, na upepo ukitoka huko mbele basi wakati wa kurudi utatusukuma nyumbani. Hata mimi niliona wana hoja. Jibu la Nahodha nalikumbuka neno kwa neno: "Kwenda mtafika. Kurudi ndiyo sitaki." Akaeleza huku tunageuza. Wimbi linalokuja mbele unaliona, unalipanda, unalishuka. Wimbi linalokuja nyuma hulioni. Linakiinua chombo tezi, linakisukuma, na asiyejua kukishika kinageuka ubavu, na wimbi la pili linakipindua. Upepo wa nyuma unaoonekana ni msaada ndio unaowatupa majini wanaojifunza. Tungefika Mbudya tukicheka, tukala samaki, tukaogelea, kisha saa nane mchana tungeianza safari ya kurudi tumechoka, kaskazi imekomaa, na nusu yetu hatujawahi kupinduka hata mara moja kwenye maji ya kina.

Niliyafikiria maneno yale siku nyingi baadaye, kwa sababu nilikuwa nimeziona hesabu za safari ile. Kugeuza kulimgharimu. Samaki walikuwa wameagizwa kisiwani, mafuta ya boti yameungua, na vijana wale walitaka warudishiwe fedha zao, naye akawarudishia palepale bila maneno. Alipopiga filimbi alijua yote hayo. Watu wengi hudhani mwongozaji wa matembezi ya baharini analipwa kwa ajili ya kayaki na miwani, au kwa kujua samaki yuko wapi. Vifaa vinakodishwa, na kisiwa kila mtu anakiona. Tulichokuwa tumekilipia sisi ni uamuzi wa mtu anayeweza kuona saa nane mchana akiwa saa mbili asubuhi, na mwenye ujasiri wa kuwakasirisha wateja wake kwa ajili ya kitu ambacho, kwa sababu aliamua vizuri, hakikutokea na hakitapata wa kukishuhudia. Nimewasikia watu wakisema walipata matembezi kwa bei nafuu kwa sababu waongozaji walikuwa wepesi, hawana masharti. Wakiniambia hivyo naingiwa na baridi. Siku hizi mtu akiniomba ushauri namwambia asianze na bei, amuulize mwongozaji ni lini mara ya mwisho aligeuza safari, na kwa nini. Anayejibu kwamba hajawahi, muache.

Hatukurudi nyumbani. Tulikaa ndani ya maji tulivu karibu na ufukwe, yanayofika kifuani, na Nahodha akatufundisha kuanguka. Alizipindua kayaki moja moja na waliomo ndani yake. Ukianguka, jambo la kwanza ni kuachia: jaketi litakuinua, usikikumbatie chombo wala mwenzio. Halafu unashika ukingo, unanyoosha miguu nyuma iwe juu ya maji, unapiga mateke, unalaza kifua juu ya kayaki, ndipo unageuka na kukaa. Anayejaribu kujivuta kwa mikono miguu ikining'inia chini ya chombo hapandi hata akeshe. Mwenzetu wa Mwanza alikaa mchangani kwa muda mrefu akitazama. Hakuna aliyemshawishi. Jua lilipopanda aliingia mwenyewe mpaka kiunoni, akamshika Nahodha mkono, akaomba asipinduliwe bali aelee tu. Akaelea, uso umeelekea mbinguni, machozi yanamtoka, na sisi tukampa nafasi yake.

Februari, siku ya maji mafu, tulivuka. Sitasimulia ya njiani, hakukuwa na la kusimulia. Mbudya ina vibanda vya makuti, ina mibuyu, na maji yote ya kunywa yanakuja na boti. Pamoja na Bongoyo, Pangavini na Fungu Yasini, kisiwa hicho kilitangazwa eneo tengefu mwaka 1975, na leo kinasimamiwa chini ya Sheria ya Hifadhi za Bahari na Maeneo Tengefu ya 1994. Kuvua hakuruhusiwi. Ada ya kuingia wanalipa wenyeji na wageni, kila kundi kwa kiwango chake.

Miwani ya kuzamia ina masharti yake. Inashika uso kwa sababu mpira wake unaziba kabisa, basi unywele mmoja ukipita chini yake, maji yanaingia. Wenye misuko ya mbele waliifunga nyuma. Wenye hijabu waliupitisha mkanda juu ya kitambaa, lakini kitambaa chenyewe hakikuruhusiwa kuugusa mpira wa usoni. Tulitema mate kwenye kioo, tukasugua, tukasuuza, ili kisiingie ukungu. Kisha ule mrija mdomoni, na amri iliyo ngumu kuliko zote: pumua polepole kwa mdomo, toa yote kabla ya kuvuta tena. Mwanzo kila mtu huvuta pumzi fupi fupi na kuhisi anakosa hewa. Nahodha alitupanga tukishika boya moja la duara, watu wanne wanne, yeye katikati, nyuso chini.

Nilikuwa nimeshaona picha. Kilichonishangaza hakikuwa rangi, kilikuwa sauti. Chini ya maji kuna mlio wa kukwaruza usiokoma, kama wa mtu anayekomba ukoko kwenye sufuria. Niligeuza kichwa nikamwona pono, wa kijani na waridi, akiuma mwamba kwa mdomo wake mgumu, akatema vumbi, akauma tena. Nahodha alitueleza baadaye kwamba pono anakwangua majani madogo yanayoota juu ya matumbawe, anameza na mawe, anayasaga, na kinachotoka tumboni mwake ni mchanga. Sehemu ya mchanga mweupe tunaopigia picha imepita tumboni mwa samaki. Kulikuwa na vitatange wakitembea wawili wawili, kangaja kundi zima, kiti cha pweza chekundu kwenye majani. Na matumbawe yenyewe, ambayo nilizoea kuyaita mawe, ni wanyama wadogo sana waliojenga nyumba moja ya pamoja. Yale ya mviringo hukua kiasi cha sentimita moja hivi kwa mwaka. Lenye upana wa meza lina umri wa miongo mingi. Kisigino kimoja cha mtalii anayetaka kusimama apumzike kinaua sehemu yake, na ndiyo sababu boya lile la duara lilikuwepo: anayechoka alishike, asisimame.

Kisha tukapita juu ya uwanja mtupu. Vipande vya kijivu, vimevunjika, vimelala pande zote, hakuna samaki. Lilikuwa kovu la bomu. Uvuvi wa baruti umepigwa marufuku nchini tangu 1970, na kwa miongo mingi ukaendelea hivyo hivyo mbele ya macho ya jiji hili, milipuko ikisikika ufukweni, mpaka operesheni za miaka ya 2016 na 2017 zilipoupunguza sana. Kifusi kile hakipati tumbawe jipya kwa urahisi, kwa sababu vipande vinagaragazwa na mawimbi na tumbawe changa linalojaribu kushika linasagwa. Ukijumlisha na joto la El Niño ya 1998, lililoyapausha matumbawe kuanzia Kenya hadi Mafia na kuendelea, ni ajabu kwamba bado kuna cha kuonyeshwa.

Tukiwa tunakula samaki wa kukaanga kibandani, mweka hazina aliuliza mbona maji ya karibu na ufukwe yalikuwa machafu kuliko ya huku. Nahodha akasita, nadhani kwa adabu, maana sisi ni wageni wake. Halafu akasema ukweli. Mvua kubwa zikinyesha, mito huleta tope na taka, na mmoja wao ni Mto Mbezi, unaoshuka kutoka vilima vya upande wetu. Tope likitua juu ya matumbawe linayazibia mwanga. Mifuko ya plastiki imepungua tangu marufuku ya Juni 2019, lakini nepi za watoto na chupa zinaendelea kuja. Pale mezani tulikuwa akina mama tunaojua vizuri nepi hizo zinatupwa wapi usiku wa mvua. Hakuna aliyejitetea. Mbezi Luis haiioni bahari, lakini bahari inaipata Mbezi Luis kila masika, na kwangu mimi hilo lilitosha kuyavunja mawazo niliyokuwa nayo kwamba pwani ni ya watu wengine.

Zanzibar wametutangulia katika jambo moja ninalotamani tuige. Kisiwa cha Chumbe, ambacho mwamba wake umelindwa tangu 1994, kiliwafanya wavuvi wa zamani kuwa walinzi wa matumbawe, na mapato ya wageni wanaolala pale yamesaidia kuwapeleka wanafunzi wa shule kuvaa miwani na kuona wenyewe. Nungwi nako, mradi wa Panje ulifundisha wasichana kuogelea na kuokoa. Watoto wa visiwani walikuwa wanakua wamezungukwa na matumbawe bila kuyaona. Wetu hapa hali ni hiyo hiyo, ila sisi tuna mamilioni. Ninapoona matembezi ya baharini yanatangazwa kwa picha za wageni peke yao, nasikitika, kwa sababu wageni wataondoka na kumbukumbu zao. Atakayeamua nini kitupwe mtoni ni mtoto wa Mbezi Luis na wa Goba.

Kuwapeleka watoto hao baharini ndiyo kazi tuliyomo sasa. Kikoba kimekubali nusu ya fungu la kufurahi iende kwa watoto. Nahodha ataanza nao kwenye maji ya kifuani, kuelea na kuanguka, miezi ya kaskazi tu. Likizo ya Juni ameikataa kwa sababu kusi inakuwa kali na maji hayaonyeshi. Kinachotukwamisha ni majaketi. Ya watu wazima yanawapanda hadi masikioni, na mtoto akianguka anaweza kuchomoka chini akaliacha jaketi linaelea. Yanatakiwa ya saizi yao, yenye mkanda wa kupita katikati ya miguu, na tulipokwenda kuulizia mjini bei ilikuwa kubwa kuliko tulivyokadiria. Kikao kijacho kitaamua kama tuanze na watoto wachache wenye majaketi kamili au tusubiri tupate ya wote. Mimi nitapiga kura ya kuanza na wachache.